Kipaji cha kaka yako

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kama ile ajali iliyomjeruhi ubongo ndiyo iliyompa kaka yako kipaji cha kuchora, na kama tumwache achore usiku kucha.

Mambo hayo hutokea, ila kwa nadra sana. Tommy McHugh wa Liverpool alikuwa fundi ujenzi. Mwaka 2001, akiwa na umri wa miaka 51, damu ilivujia kwenye ubongo wake. Alipopata nafuu akaanza kutunga mashairi na kuchora, mpaka kuta, dari na sakafu ya nyumba yake vikajaa rangi. Asingeweza kuacha hata angetaka. Hapo ndipo roho yangu inapodunda ninapomtazama kaka yako.

Sehemu za mbele za ubongo ni kama breki: huzuia misukumo mingi isitoke. Zikiumia, maeneo yanayoshughulika na maumbo na rangi yanaweza kupata uhuru ambao hayakuwa nao. Tangu miaka ya 1990 Dkt. Bruce Miller wa California ameeleza habari za wagonjwa ambao ubongo wao ulikuwa unanyauka upande wa mbele; maneno yaliwapotea huku uchoraji ukishamiri. Anne Adams, mwanasayansi wa Kanada, mwaka 1994 aliugeuza muziki wa Boléro wa mtunzi Mfaransa Ravel kuwa picha, safu kwa safu. Baadaye ugonjwa kama huo wa kunyauka ubongo ukamnyang'anya usemi, na mwaka 2007 akafariki. Picha ile ni nzuri mno. Lakini siwezi kuusifu ugonjwa kwa ajili yake.

Na kaka yako hakuanza jana. Wewe ulikuwa mdogo, hukuyaona madaftari yake ya shule: pembeni mwa hesabu amejaza mabawa, nyuso, mikono. Aliacha kwa kuwa maisha yalimbana. Sasa kizuizi kimelegea, na yale aliyoyaweka moyoni yanatoka. Hiyo ni kazi yake, tusiipe ajali sifa.

Jana amechora mlango mmoja tangu asubuhi. Bawaba, kitasa, kivuli chini ya kizingiti. Akimaliza, anaanza upya mlango uleule. Penseli imetoboa karatasi. Nilipomwita kula alinikaripia, yeye ambaye hakuwahi kunipandishia sauti, kisha akalia.

Kwa hiyo achore, tena nitamnunulia karatasi nzito. Lakini usiku alale, kwa sababu ubongo uliojeruhiwa unahitaji usingizi kuliko sifa zetu. Nimeandika saa anazolala na siku anazofoka, ili daktari aone mwenyewe. Ukija, twende wote kliniki. Na tafadhali, zile picha usizisambaze kwa watu ukisema ni muujiza wa ajali. Muulize yeye kwanza ni zipi angependa zionekane.

Mama yako