Pagale langu la Chanika

Kwa miaka minne sikuwa napokea simu za shangazi siku za Jumapili. Nampenda sana, ila ana swali moja ambalo hulitoa salamu zikiwa hazijapoa: "Nyumba imefika wapi, mwanangu?"

Nyumba iko Chanika, pembezoni mwa Dar es Salaam, na ilikuwa imefika kwenye msingi. Nilipokuwa na miaka 27 nilijiapiza kwamba nikitimiza 35 nitakuwa nimehamia kwangu. Kiwanja nikanunua, msingi nikaupandisha, halafu mkataba wa kazi ukaisha na haukuongezwa. Hela ya tofali ikageuka kodi ya chumba Tabata, miezi sita kwa mkupuo kama mnavyojua wenyewe. Jamvi, yaani zege la sakafu, sikumwaga. Masika mawili yalipopita, pale palipopangwa kuwa sebule pakaota mpapai.

Kuchelewa kujenga ni jambo la kawaida mjini hapa. Nenda Kivule, nenda Mbagala, mapagale yamejaa. Mimi nilipopotelea ni kwamba msingi ule niliugeuza kipimo changu cha utu. Rafiki akitupia picha ya bati jipya kwenye WhatsApp, nilikosa hamu ya kula. Vikao vya ukoo nikavikimbia. Siku moja niliyohudhuria, wazee walikuwa wanabishana kuhusu bima ya afya ya bibi, jambo ambalo nilikuwa nalifanyia kazi kila siku ofisini. Nikanyamaza. Niliona asiyejenga hana mdomo wa kuongea mbele ya waliojenga. Bibi akakatiwa bima isiyomfaa, na hilo mpaka leo linaniuma kuliko nyumba.

Jumamosi moja nilipanda daladala na fundi wangu, tukapita Gongo la Mboto na Pugu hadi Chanika. Njia nzima nilikuwa naandaa utetezi. Fundi akachuchumaa, akagonga tofali kwa kitako cha mwiko kona hadi kona, akasikiliza. "Msingi mzima. Tunaendelea au tunasubiri?" Nikamwambia sina hela. "Sawa. Basi mpapai usiukate kwanza." Akaenda kutafuta maji ya kunywa. Utetezi wangu wote ukabaki mfukoni. Kwake yeye msingi ulikuwa msingi tu, na mimi nilikuwa mteja ambaye hela yake haijapatikana.

William James, mwanasaikolojia wa Marekani, aliandika mwaka 1890 kwamba kujithamini ni mafanikio kugawanya kwa matarajio, hivyo hata ukipunguza matarajio jibu linapanda. Nilijaribu. Vyumba vitatu vikawa viwili, 35 ikawa 40. Lakini shangazi akipiga, moyo bado unaruka. Namba nilizibadilisha, ila jibu la hesabu liliendelea kuwa mimi.

Kilichonisaidia kwanza ni kujiuliza hiyo 35 niliitoa wapi. Niliitafuta wiki nzima kichwani, nikaikuta: mhasibu mmoja kazini alikuwa na msemo wake wakati wa chai kwamba mwanaume asipojenga kabla ya 35 hajengi tena. Sikuwa hata na urafiki naye! Kama una lengo linalokunyima usingizi, lifuatilie hivyo hivyo mpaka umpate mwenyewe. Ukikuta ni lako, lishike. Hao wanaotuambia tuachane na malengo tuishi tu, wengi wao nimegundua wana nyumba.

La kwangu nimebaki nalo, ila sasa ninachojidai mwenyewe nikilipe ni kile tu kilicho mikononi mwangu: laki moja kila mwezi kwenye kikoba. Mwezi nikishindwa naandika sababu kwenye daftari, basi. Na vikao vya ukoo nimerudi. Juzi nimejaza fomu za bima za watu watano sebuleni kwa mjomba, na hakuna aliyeniuliza ninakaa kwa nani.

Jumapili iliyopita simu ikaita, nikapokea.

"Nyumba imefika wapi, mwanangu?"

"Pale pale kwenye msingi, shangazi. Ila mapapai yameiva."

Kimya kidogo. Kisha: "Mangapi?"