Ripoti ya titi inasema HER2 3+, je tuache maharage?

SWALI: Shikamoo dokta. Niko Tukuyu. Dada yangu ana miaka 46, alipata uvimbe kwenye titi wakamkata kinyama kwenda kupima, majibu yamerudi yameandikwa HER2 3+, ER hasi, PR hasi, Ki-67 asilimia 40, gredi 3. Tukaambiwa HER2 ni protini inayochochea kansa, basi shangazi kapiga marufuku maharage na maziwa, dada anashindia uji mtupu na anazidi kukonda. Jirani nae anasema hiyo ndo kansa mbaya kuliko zote. Ni kweli?

JIBU: Marahaba. Kwanza mrudishieni maharage yake leo leo, na maziwa, na maparachichi si mnayo huko Rungwe. Hiyo protini haitoki kwenye sahani, seli inaitengeneza yenyewe. Kila seli ya titi ina HER2 kidogo kwenye ukuta wake wa nje, kazi yake ni kupokea taarifa ya kwamba gawanyika, sasa kwenye kansa zingine, kama 15 hadi 20 kati ya 100 za titi, jeni yake iliyopo kromosomu ya 17 inajirudufu ovyo, protini inajaa pale juu na seli inagawanyika haipumziki.

Ndo maana hayo majibu yenu yanaendana. Ki-67 inaonyesha seli ngapi ziko mbioni kugawanyika, gredi inaonyesha zimepoteza sura kiasi gani, na HER2 ikipanda hizo mbili mara nyingi nazo zinapanda, huku ER na PR, yaani vipokeo vya homoni, vinashuka, ingawa wapo wenye HER2 na homoni vyote kwa pamoja. Ila hakuna hata kimoja hapo kinachochukua nafasi ya ukubwa wa uvimbe na mitoki ya kwapani, ukubwa na mitoki bado vina uzito sana.

Jirani yako anaongea habari za zamani. Mwaka 1987 Dennis Slamon na wenzake Marekani walionyesha kwamba wenye jeni hiyo kwa wingi kansa inawarudia mapema, na kipindi hicho kweli ilikuwa habari mbaya tupu. Lakini 1998 ikaidhinishwa kulekule dawa inaitwa trastuzumab, inaing'ang'ania HER2 yenyewe, na 2015 WHO wakaiweka kwenye orodha ya dawa muhimu. Kwa hiyo 3+, yaani HER2 imejaa kabisa, bila dawa ni kansa kali, ikipata dawa yake mambo yanabadilika kabisa. Ingekuwa 2+ mngehitaji kipimo kingine cha kuhesabu jeni, yenu iko wazi.

Muulizeni daktari hiyo dawa inapatikana wapi na bima inaingia kiasi gani, maana bei yake si mchezo na kwa kawaida inatolewa karibu mwaka mzima pamoja na kemo. Na apimwe moyo kwa eko, yaani ultrasound ya moyo, kabla ya kuanza, dawa hiyo inaweza kuudhoofisha. Tamoxifen msinunue kisa fulani alipewa ikamsaidia, hiyo ni ya wenye homoni chanya, dada yako ni hasi.

Mkipewa rufaa ya Mbeya mjini au hospitali ya kansa ya Ocean Road kule Dar, bebeni ripoti yenyewe halisi na kile kipande cha nta chenye kinyama, kiombeni maabara, wakitaka kurudia kipimo asikatwe tena.