Dakika kumi za daktari

Swali la wiki: Je, mwandishi wa riwaya ya upelelezi anayemficha msomaji jambo amemdanganya?

Inategemea amelificha wapi. Akilificha nje ya kitabu, amedanganya. Akiliacha ndani, mbele ya macho ya msomaji, hana kosa. Ushahidi wangu ni The Murder of Roger Ackroyd, riwaya ya Agatha Christie iliyotoka mwaka 1926. Ambaye hajaisoma na angependa kushtuka mwenyewe, asiendelee na jibu hili.

Msimulizi ni Dakta Sheppard, tabibu wa kijiji cha King's Abbot. Hastings, mwandani wa mpelelezi Poirot, yuko Argentina, kwa hiyo daktari ndiye anayefuatana na Poirot. Sisi tuliomzoea Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya za Muhammed Said Abdulla, tungesema amekaa mahali pa rafiki yake Najum, na nani humshuku Najum? Huyo huyo daktari ndiye muuaji.

Fuata saa. Barua inaletwa kwa Ackroyd, tajiri atakayeuawa, saa mbili na dakika arobaini usiku. Daktari anatoka saa tatu kasoro dakika kumi, barua bado haijasomwa, na mlangoni anageuka kuona kama kuna jambo hakulimaliza. Saa zote mbili zimeandikwa na zote ni za kweli. Kisu kimepita katikati yake. Anafika lango la nje saa tatu kamili, saa ya kanisa ikilia. Mwendo wa dakika tano umemchukua kumi! Wengi tunaupita mstari huo bila kuhesabu.

Saa tatu na nusu sauti ya Ackroyd inasikika nyuma ya mlango. Ni diktafoni, mashine ya kurekodi sauti, iliyofungiwa mtambo wa saa, na tuliambiwa mapema kuwa daktari hupenda kuchokora mitambo. Maneno yenyewe ni rasmi mno, kama ya mtu anayesomea karani barua. Baadaye Flora, binti wa ndugu yake Ackroyd, anadai alimuaga Ackroyd saa nne kasorobo. Ni uongo wa kuficha pauni 40 alizoiba, nao unasogeza mbele saa ya kifo. Hapa ndipo ninapomvulia kofia Christie: daktari hakuupanga uongo huu, lakini unamkinga kuliko hila zake zote.

Palipolegea ni kwenye simu ya saa nne na robo, inayompa daktari sababu ya kurudi kuondoa diktafoni. Aliyepiga ni mgonjwa wake, mhudumu wa meli aliyekuwa stesheni akisubiri treni, asiyejua lolote. Angesahau kupiga simu, mashine ingekutwa nyuma ya kiti asubuhi.

Mwaka 1929 padri Ronald Knox alitoa kanuni kumi za hadithi hizi, na ya kwanza inakataza mhalifu kuwa mtu ambaye msomaji ameruhusiwa kufuata mawazo yake. Hata hivyo, mwaka uliofuata yeye na Christie walikuwa wanachama wa klabu moja ya waandishi wa upelelezi, Detection Club.

Anayetaka kujaribu ufundi huu kwa Kiswahili ajihadhari na -ka-. “Akaleta barua, nikaisogeza taa, nikaondoka”: -ka- hutunga matendo kama shanga uzini, na msomaji ana haki ya kuamini hakuna shanga iliyochomolewa. Ukificha mauaji hapo, umemwibia. Tumia -li- na -po-: “Barua ililetwa saa mbili na dakika arobaini. Nilipotoka ilikuwa saa tatu kasoro kumi.” Hukuahidi mfululizo wowote. Kauli ya kutendwa nayo husaidia, ila ukiirundika katika aya moja msomaji ataanza kunusa. Na msimulizi asitamke “nilishangaa” mbele ya maiti aliyemwacha mwenyewe. Huo ni uongo mtupu.

Kuna kificho kimoja tulichopewa bure. Shahidi akisema “nilimsikia akifunga dirisha”, hajasema ni mwanamume au mwanamke, na hakuna atakayemlaumu.