Maswali ya Diwali: Daftari Kwanza, Fataki Baadaye

Diwali, sikukuu ya taa ya Wahindu, ikikaribia maswali humiminika, na mengi ni yale yale ya mwaka jana. Nimechagua machache.

Jirani yangu ni Mhindi lakini sijawahi kumwona akiwasha hata taa moja. Ameacha dini yake? (Msomaji, Tanga)

Hajaacha chochote. Huenda ni Mwislamu: Bohora, Ismailia au Khoja Ithnaashari. Huenda ni Mgoa, Mkatoliki. Watu hawa tumeishi nao vizazi na vizazi, misikiti na makanisa yao tunayapita kila siku, na bado swali hili linarudi. Muulize jirani yako, mnapakana ukuta. Diwali ni ya Wahindu. Wajaini, wa dini nyingine ya India, nao huiadhimisha, wakikumbuka mwalimu wao mkuu Mahavira alivyofikia ukombozi, na Masingasinga hukumbuka kiongozi wao Guru Hargobind alivyoachiliwa kutoka kifungoni katika ngome ya Gwalior.

Mbona tarehe haitulii? (Msomaji, Nakuru)

Kwa sababu inafuata mwezi, kama Idi. Diwali ni usiku ambao mwezi bado haujaandama, giza totoro. Lakini Idi hurudi nyuma siku kumi na moja hivi kila mwaka hadi inazunguka majira yote, ilhali Wahindu huongeza mwezi mzima kila baada ya miaka miwili na ushei ili sikukuu zisihame majira. Ndiyo maana mwaka 2025 wengi walisherehekea Oktoba 20, na 2026 ni Novemba 8: mwaka huo una mwezi wa nyongeza.

Ni kweli wanamkumbuka Rama tu? (Msomaji, Morogoro)

Kaskazini mwa India, ndiyo, huyo ndiye mkuu: mwana wa mfalme Rama, mkewe Sita na nduguye Lakshmana wakirudi mjini kwao Ayodhya baada ya miaka 14 ya uhamisho, watu wakawawashia taa njiani. Kusini wanakumbuka mungu Krishna alivyomuua jitu ovu Narakasura, na hujipaka mafuta na kuoga kabla ya alfajiri. Bengal, mashariki, usiku huo ni wa mungu wa kike Kali. Gujarat, walikotoka Wahindu wengi wa Afrika Mashariki, ni usiku wa Lakshmi, mungu wa kike wa utajiri, na wa hesabu.

Nilimkuta mwenye duka amepiga magoti mbele ya leja, ameipaka rangi nyekundu. Ni ushirikina? (Msomaji, Mombasa)

Hili ndilo swali nililokuwa nikilingojea, kwa sababu hapa ndipo palipo na moyo wa Diwali ya Wagujarati, na ndipo panaposahaulika. Ulichokiona kinaitwa chopda pujan, ibada ya vitabu vya hesabu. Mwaka wa Wagujarati huisha siku ya Diwali. Vitabu vya zamani hufungwa, vipya vyenye jalada jekundu hufunguliwa mbele ya miungu Ganesha, Lakshmi na Saraswati. Ukurasa wa kwanza hauandikwi bei ya sukari. Huandikwa neno Shri, la heshima na baraka, mara moja juu, mara mbili chini yake, mara tatu, hadi linakuwa umbo la piramidi. Pembeni huandikwa Shubh na Labh, heri na faida. Juu ya ukurasa huwekwa jani la tambuu, popoo na sarafu. Siku hizi wengine huweka kompyuta ya duka mahali pa daftari, na sioni kosa lolote. Hata soko la hisa la Bombay hufunguliwa kwa saa moja tu siku hiyo, desturi ya tangu 1957, ili mwaka uanze kwa heri.

Tazama mpangilio wa maneno hayo mawili: heri hutangulia faida. Mfanyabiashara anayeweka kitabu hicho mbele ya Mungu wake anakiri kwamba kilichomo kinaonekana. Kwa hiyo anayepaka daftari rangi nyekundu na ndani yake kuna mizani iliyochezewa, au mshahara wa kijana wa duka haujalipwa tangu Agosti, anajidanganya. Na siku mbili kabla ya Diwali, siku iitwayo Dhanteras, watu hununua dhahabu, fedha au vyombo vya jikoni. Sufuria moja mpya inatosha. Kukopa ili ununue mkufu siku ya kumkaribisha Lakshmi ni kuanza mwaka na deni.

Diwali bila fataki ni Diwali? (Msomaji, Dar es Salaam)

Ndiyo, tena kamili. Kinachotakiwa ni diya: kitaa cha udongo kinachoenea kiganjani, samli au mafuta kidogo, na utambi wa pamba uliosokotwa kwa vidole. Huwekwa kizingitini, dirishani, penye mmea wa tulsi, aina ya mrehani, uani. Fataki ziliongezwa baadaye sana, na sasa zimemeza kila kitu. Mahakama ya Juu ya India ilizibana mwaka 2018, ikaruhusu kwa muda wa saa mbili tu usiku, na za aina yenye moshi mdogo. Delhi watu hukohoa wiki nzima, ingawa moshi wa mabua ya mpunga yanayochomwa mashambani nao umo. Mkiziwasha hata hivyo, watoto wavae pamba, ndoo ya maji iwe karibu, na fataki iliyogoma kulipuka isiguswe.

Ile alama ya msalaba uliopinda wanayoichora, swastika, si ya Hitler? (wengi mno)

Hapana. Ni alama ya heri, ya kale kuliko Wanazi kwa maelfu ya miaka.

Je, kucheza kamari usiku wa Diwali ni ibada?

Ni hadithi ya mungu Shiva na mkewe Parvati kucheza dadu, inayotumiwa kama kisingizio na wanaotaka kupoteza kodi ya nyumba.

Mimi ni Mwislamu. Jirani ameniletea sahani ya vitamu, nile? (Msomaji, Zanzibar)

Muulize aliyeleta kama ni prasad, yaani kilichokwisha kutolewa mbele ya sanamu, kisha muulize shehe wako. Wahindu wengi wanajua tofauti hiyo na watakutengea barfi na chakri za kawaida bila kinyongo. Kuitupa jalalani akiona ni utovu wa adabu.

Nimealikwa. Nibebe nini? (Msomaji, Kisumu)

Matunda, korosho, au maua. Keki uliza kwanza, kwa sababu nyumba nyingi hazili mayai. Nyama na pombe acha kwako, na viatu vua mlangoni bila kukanyaga rangoli, yale mapambo ya unga wa rangi sakafuni. Kuna binti aliyeinama hapo tangu asubuhi.