Kwa nini wanafunzi 60 wanasoma tu bila kuchangia
Mwalimu, watu 60 kwenye mjadala mmoja wa mtandaoni hawazungumzi. Kila mtu anamngoja mwenzake aanze. Wagawe makundi ya watu 6 hadi 8 na usiyavunje mpaka muhula uishe, maana kuzoeana huchukua wiki kadhaa.

Swali lako, "Elezeni maana ya mfumuko wa bei", lina jibu moja tu. Wa kwanza akishalitoa, waliobaki wataandika "nakubaliana". Uliza linalogawanya watu: "Unga umepanda bei. Serikali ipunguze kodi au impe mkulima ruzuku? Tetea upande mmoja."

Weka siku mbili za mwisho: Jumatano kila mwanafunzi awe ametoa hoja yake, Jumapili awe amewajibu wenzake wawili. Ukiweka Jumapili peke yake, wote watamiminika usiku huo na hakuna atakayemjibu mwingine.

Kama mnatumia Moodle, mfumo wa kufundishia mtandaoni, chagua mjadala wa aina ya maswali na majibu: mwanafunzi haoni michango ya wengine mpaka atume wake, na kwa mpangilio wa kawaida asubiri dakika 30 za kuhariri zipite.

Nawe usiharakishe kujibu, tafadhali. Neno la mwalimu huonekana ndilo jibu sahihi, na mjadala hufia hapo hapo. Ngoja siku nzima, halafu chokonoa kwa swali.