Jibu: Prosesa ya wati 6 itamtosha mwanafunzi?

Ndugu yangu, umeuliza kama laptopu uliyoiona mtaani Birere, yenye prosesa (ubongo wa kompyuta) ya Intel Celeron N4020 inayotumia takriban wati 6, itamtosha dada yako anayeanza chuo.

Kwa kuandika, kusoma PDF na kutazama video, prosesa ya wati 6 si mbaya. Hapa kwetu Goma, umeme ukikatika jioni, ulaji huo mdogo ni neema, na laptopu nyingi za aina hii hazina feni ya kuvuta vumbi letu la volkano. Ila N4020 ina kori 2 tu, yaani sehemu mbili za kuchakata kazi. Intel N100, ya 2023, ina kori 4 kwa wati zilezile 6, na inaiacha mbali sana. Ukiipata, chukua hiyo.

Kinachoumiza zaidi ni RAM (kumbukumbu ya kazi) ya GB 4 na hifadhi ya eMMC, aina ya polepole, ambazo mara nyingi zimechomelewa kwenye bodi, huwezi kuziongeza kesho. GB 4 ndicho kiwango cha chini kabisa cha Windows 11! Nilimnunulia mdogo wangu mashini ya namna hiyo, akaiacha kabla mwaka haujaisha. Iliniuma sana. Tafuta RAM ya GB 8 na SSD, hifadhi ya kasi zaidi, hata kama ni ya mtumba.

Kabla hujatoa dola zako, muuzaji aiwashe, uone mwenyewe jina kamili la prosesa kwenye mipangilio.