Redio ya marehemu imekufa: uitengeneze, uigawe au uiuze skrepa?

Baba alipofariki tuligawana vitu vyake baada ya arobaini. Kaka mkubwa akachukua baiskeli, mdogo akachukua cherehani. Mimi, kwa kuwa ndiye ninayekaa Mtwara mjini na nina sebule, nikaachiwa "muziki". Muziki wenyewe ni sistimu ya miaka ya 1980: amplifaya, redio, deki ya kaseti na maboksi mawili ya spika yanayonifika kiunoni. Ulikuwa umenyamaza miaka kadhaa kabla hata ya baba kuugua, na kila mtu alijua. Ndiyo maana walinipa kwa ukarimu ule.

Ukakaa kwangu Chikongola miaka minne. Boksi moja likawa meza ya kuchajia simu, la pili panya wakaligeuza wodi ya wazazi. Mwaka huu binti yangu kaanza kidato cha kwanza na anataka pa kuweka meza ya kusomea. Mume wangu akasema, kwa ule upole wake wa mtu aliyechoka: "Mama Zuhura, ama muziki ama mtoto."

Naandika haya kwa sababu kila nyumba ninayoingia, Shangani mpaka Mikindani, ina uvungu wenye mzoga kama huu. Hautengenezwi, hautupwi, unafutwa vumbi siku ya Idi tu.

Kama kitu ni cha urithi, bisibisi iache kwanza. Shika simu. Kwetu Wamakonde mjomba ana neno lake kwenye mambo ya nyumba, na mimi wangu yuko Newala. Nikampigia.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu."

"Mjomba, ule muziki wa baba nataka kuutoa."

Kimya. Kisha: "Kuutoa, kumpa nani?"

Nikamweleza habari ya meza ya mtoto. Akasema sawa, ila ile redio yenye taa ya kijani apelekewe yeye. Nikamwambia haiongei. "Nimekuuliza kama inaongea?"

Mngeniuliza kabla ya simu ile, ningewaambia familia nzima inaulilia muziki mzima. Kumbe aliyeutaka ni mmoja, na anataka kipande kimoja, tena kwa ajili ya taa. Hao wengine hawakutaka lawama ya kuutupa, basi.

Sasa niende kwenye kosa letu la miaka yote. Tulikuwa tunasema "muziki umekufa" kana kwamba ni kuku. Sistimu ya vipande haifi yote kwa mpigo. Amplifaya ndiyo inayosukuma spika. Redio na deki za aina ile hazina nguvu hiyo. Ukichomeka redio peke yake itawaka taa na kukaa kimya, hata kama ni nzima kabisa. Ikifa amplifaya, vyote vinaonekana maiti.

Nilichukua ule waya wa pini nyekundu na nyeupe wa deki ya DVD, upande mmoja nikaweka nyuma ya redio ya baba, upande wa pili kwenye sabufa ya jirani. Kwenye tundu la antena nikachomeka kipande cha waya. Nikazungusha kitufe polepole. Makwaruzo, makwaruzo, halafu mtu akaanza kusoma taarifa ya habari kwa sauti nzuri tu. Jirani alicheka hadi akakaa chini. Miaka minne!

Spika nazo zina kipimo cha bure. Chomoa nyaya zake kwenye amplifaya, chukua betri moja ya saa ya ukutani, volti 1.5, na gusisha nyaya mbili za spika kwenye ncha zake, mguso tu, usishikilie. Spika nzima itasema "tup" na koni, ile karatasi ya mbele inayotikisika, itaruka kidogo. Ikiwa kimya, koili yake (waya uliozungushwa nyuma ya koni) imekatika au waya umeachia ndani ya boksi. Mwenye mita asishtuke akiona spika iliyoandikwa ohm 8 inasoma 6 au 7. Ndivyo inavyokuwa.

Zangu zote zilisema tup. Tatizo lao lilikuwa ile sponji ya ukingoni mwa koni: ukiigusa inamomonyoka kama keki ya juzi. Sponji za zamani ndivyo zinavyokufa, tena hewa yetu ya joto na unyevu haizisaidii. Hapo weka vidole vya mikono miwili kwenye koni, ukikaribia katikati, uisukume ndani kwa usawa, taratibu. Ikienda na kurudi laini, spika inatengenezeka. Ukisikia inakwaruza, koili inasugua sumaku, na mara nyingi imeshaungua au imepinda.

Amplifaya ndiyo iliyonitia hasara, na kosa ni langu nusu.

Mwaka wa kwanza niliipeleka kwa fundi mmoja bila kuuliza chochote. Sikukubaliana naye hela ya kufungua, sikupiga hata picha. Ikakaa miezi mitatu. Kila nikipita naambiwa spea inatoka Dar. Siku naifuata akaniambia haitengenezeki. Nikaibeba, na papo hapo mkono ukaniambia kitu. Niliipeleka kwa bodaboda nikiwa nimeipakata kwa shida, na sasa naibeba kwa mkono mmoja na mwavuli kwa mkono wa pili. Sikuelewa. Nikaenda nayo nyumbani.

Mwaka huu fundi mwingine, kijana mwenye kibanda karibu na soko, aliifungua mbele yangu. Akatazama, akanigeuzia. "Dada, hii transfoma siyo yake." Akanionyesha: matundu manne ya bolti, mawili matupu, na katikati ya nafasi kubwa kimekaa kitransfoma kidogo kama kipande cha sabuni, nyaya zake zimeungwa kwa selotepu. Transfoma ndiyo uzito wa amplifaya za zamani, na ndani yake mmejaa shaba.

Kwa hiyo sikiliza, wewe unayetaka kupeleka chako kesho. Kabla hakijatoka nyumbani, kama unaweza kufungua mfuniko, chomoa umeme, ukiache siku nzima, kisha piga picha za ndani bila kugusa kitu. Zile kapasita kubwa zenye umbo la mkebe hushika umeme hata baada ya kuchomoa, zinaweza kukurusha. Kama hujiamini, mwambie fundi afungue mbele yako. Weka nukta ya rangi ya kucha kwenye transfoma na kwenye sumaku za spika. Mafundi waaminifu hawachukii hilo, yule kijana aliniomba hata jina la rangi. Na muulizane mapema: kufungua na kupima ni shilingi ngapi, nikikataa kutengeneza nadaiwa nini, na unarudisha lini.

Dogo jingine: fyuzi. Ikiwa imekatika, weka nyingine yenye ampea zilezile. Ikikatika tena, acha, kuna kilichoungua ndani. Tafadhali usiizungushie karatasi ya sigara. Najua mtaani kwenu kuna mtu anafanya hivyo na nyumba yake bado imesimama.

Fundi alisema kuirudisha amplifaya itafika 60,000, pamoja na transfoma ya kuokoteza. Sabufa mpya ya kawaida siku hizo dukani ilikuwa 85,000. Mimi kipimo changu ni hiki: kama matengenezo yanapita nusu ya bei ya kipya kitakachofanya kazi ileile, pesa yangu haitoki, isipokuwa nikijibu bila kusitasita ni nani atakisikiliza, na siku gani za wiki. Sikuwa na jibu. Mimi nasikiliza simu jikoni.

Mtu wa vyuma chakavu alinitajia shilingi 4,000 kwa amplifaya nzima. Kijana wa kibandani akaniambia asitoe hela, ila nimwachie iwe spea (kapasita, volyumu, lile bati la alumini la kupozea, vitufe) na yeye atanitengenezea koni za spika kwa gharama ya vifaa tu. Nikakubali kabla hajamaliza sentensi. Fundi wa jirani ndiye mahali pazuri pa kuzikia chombo. Ukimpa mtu wa skrepa, jua kwamba wengine huchoma nyaya jaani ili wabaki na shaba, na ule moshi wa plastiki ni sumu. Lehemu ya zamani nayo ina risasi. Nyaya zangu sikuziuza.

Koni alizifanya nikiwa nimekaa pale. Alikwangua sponji iliyooza, akabandua kile kikofia cha katikati, akachomeka vipande vya karatasi kuzunguka koili ili ikae katikati ya sumaku, ndipo akagundisha ukingo mpya. Akaacha mpaka kesho yake. Kuchomoa karatasi zile ilikuwa kama kutoa mwiba mguuni.

Maboksi yamekwenda Tandahimba kwa kaka mdogo, na bodi ndogo ya amplifaya ya volti 12 yenye bluetooth na sehemu ya flashi. Yeye ana sola, kwa hiyo hata amplifaya ya baba ingepona isingemfaa bila umeme wa ukutani. Bodi imeandikwa wati 50. Msiamini. Bodi za aina ile, kwa volti 12 na spika ya ohm 8, ukipata wati 9 safi umepata, na zile wati elfu kumi za PMPO, wati za kujisifia zinazoandikwa kwenye maboksi ya dukani, hazina hata kipimo kinachokubalika. Ila boksi kubwa la zamani linafanya mengi kwa wati 9. Kaka anasema wakati wa msimu wa korosho, kila nyumba ikishanunua sabufa yake, lake bado linasikika vizuri kwenye kahawa.

Redio iko Newala. Mjomba hajaniomba amplifaya wala spika. Anaiwasha magharibi, anaangalia taa.

Imebaki deki. Mkanda wake wa ndani, ule wa mpira unaozungusha magurudumu, umeyeyuka kama lami, ulinichafua vidole siku mbili, nikasafisha magurudumu kwa spiriti na vijiti vya pamba. Nimepima njia ya mkanda kwa uzi, nikatoa kidogo ili mpya ukae kwa kuvutika, na nimeagiza Kariakoo. Ningeshaiachia fundi, lakini kuna kaseti 31 ndani ya katoni, na moja imeandikwa kwa mwandiko wa baba: "Nyumbani, watoto." Kuna nyingine zenye ukungu, hizo sizichezeshi kabla ya kuzisafisha, zitachafua hedi, kile kichwa kinachosoma kaseti. Mkanda ukifika kwa basi wiki hii, naunganisha deki kwenye kompyuta ya binti, nanakili, kisha deki inamfuata amplifaya kibandani.

Meza ya kusomea imeshawekwa. Kwa sasa deki imekaa juu yake, chini ya vitabu vya Hisabati.